Mkataba mpya wa marubani: maswali tunayoulizwa Mombasa kabla ya kura

Tangu rasimu ya mkataba wa pamoja kati ya chama cha marubani na mwajiri ifike mikononi mwa wanachama, simu yangu haijatulia. Wengine wananiuliza chumba cha marubani pale uwanja wa ndege wa Moi, wengine wananipigia wakiwa kwenye foleni ya malori Kibarani. Wake na waume wa marubani nao wanauliza, na wana haki, maana ratiba ya rubani ndiyo ratiba ya nyumba nzima.

Mimi ni kapteni, mwanachama, mkaazi wa Mombasa. Si wakili. Nimeyakusanya maswali na kuyajibu jinsi ninavyoyaelewa. Kura ni yako, lakini msimamo wangu sitauficha: kwetu sisi tunaolala Pwani, vifungu vya kituo na mapumziko vina uzito kuliko asilimia ya mshahara, na ndivyo watu wanavyovisoma mwisho, wakishachoka.

Hii rasimu ni nini hasa, na ikipita inanifunga vipi?

Ni kile wengi wetu tunachokiita CBA. Chama, kwa niaba ya marubani, kimekubaliana na mwajiri juu ya mshahara, saa za kazi, mapumziko, likizo na jinsi malalamiko yatakavyosikizwa. Haki ya kuketi mezani namna hii imo katika Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 nayo inasema masharti ya mkataba huo yanaingia ndani ya mkataba wa kazi wa kila mfanyakazi anayehusika. Yaani ile barua ya ajira uliyotia saini siku ya kwanza inabadilika bila wewe kushika kalamu tena. Ukimsikia mwenzako akisema "mimi nina barua yangu na kampuni, hayo ya chama hayanigusi", mwambie akasome kifungu cha 59 cha sheria hiyo.

Mimi si mwanachama. Yananihusu?

Ndiyo, kama cheo chako kimo kwenye kundi ambalo mkataba unalitaja. Na unaweza kukatwa ada pia: mkataba ukishasajiliwa, chama kinaweza kumwomba Waziri aamuru wasio wanachama wanaonufaika nao wakatwe ada ya uwakilishi. Kwa hiyo utalipa, utafuata masharti, ila kura huna. Mimi ningejiandikisha.

Nani hasa anapiga kura, na bosi atajua nimepiga vipi?

Hilo liko kwenye katiba ya chama chako, na kila mwanachama ana haki ya kuomba nakala yake. Tazama mambo matatu: kama kura ni ya siri, kama mtu aliye angani au ng'ambo siku hiyo anaweza kupiga, na kama wingi unahesabiwa kwa waliopiga au kwa wanachama wote. Hilo la tatu limewahi kuzua ugomvi mbele ya macho yangu. Liulizwe kabla sanduku halijafunguliwa.

Rasimu ina kurasa nyingi. Nianzie wapi?

Fungua pale "kituo" kinapofafanuliwa. Kaa hapo.

Swali ni hili: kwenye karatasi, wewe ni mtu wa Mombasa au wa Nairobi? Kama kituo chako ni Nairobi na nyumba yako iko Bamburi, safari ya kwenda kuripoti JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ni shauri lako. Saa za njiani hazihesabiwi, chumba cha kulala unalipa mwenyewe, na kiti kwenye ndege unakipata nafasi ikiwepo. Desemba, watalii wakijaa, nafasi haipo. Namjua rubani msaidizi aliyekuwa akipanda gari moshi la SGR pale Miritini saa tisa alasiri, anashuka Syokimau usiku, anajibanza kwa binamu yake saa chache, na alfajiri yuko mbele ya vyombo vya ndege. Kwenye rosta ya kampuni, siku ile yote alikuwa amepumzika.

Kituo kikiwa Mombasa, mambo yanageuka. Safari ikianzia Nairobi, kampuni ndiyo inayokufikisha huko, na muda wa kukusafirisha kama abiria ni kazi. Lakini usidhani: tafuta sentensi inayosema hivyo. Kanuni za Ulaya zinatamka wazi kwamba muda wote rubani anaosafirishwa kwa agizo la kampuni unahesabiwa ndani ya saa za kazi. Rasimu yetu ikitumia maneno kama "muda wa kusafiri" pasipo kusema kama ni kazi au si kazi, hapo ndipo pa kuinua mkono mkutanoni.

Angalia pia nani ana uwezo wa kukuhamisha kituo, kwa taarifa ya siku ngapi, na nani analipia lori la mizigo. Mwenye watoto shuleni aulize kama uhamisho unaweza kuja katikati ya muhula. Hizi sentensi fupi fupi zimeshawatenga watu na familia zao, na mtu anazigundua siku barua inapomfikia.

Kwa nini mnashikilia mapumziko? Si sheria ya usafiri wa ndege ipo tayari?

Ipo. Lakini kanuni huweka kiwango cha chini kabisa, cha kila rubani kila mahali. Haijui kwamba wewe unavuka Likoni.

Chukua mfano wa kanuni ya Marekani: kabla ya zamu, rubani apate saa 10 za mapumziko, na ndani yake nafasi ya saa 8 za kulala bila kukatizwa. Inasikika vizuri. Sasa iweke Pwani. Umetua Moi saa nne usiku, umekamilisha karatasi saa nne na nusu. Unaishi Ukunda. Ukiteremka hadi feri au ukizunguka Dongo Kundu, unafika nyumbani kama saa sita. Saa zako 10 zinaisha saa mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo saa moja uwe umeshatoka mlangoni, na saa kumi na mbili uwe macho. Ukioga na kula, umelala kwa muda wa saa tano na nusu tu. Ndiyo maana Wamarekani waliongeza ile nafasi ya saa 8 za kulala, na ndiyo maana swali la kuuliza rasimu yoyote ni: mapumziko yanaanza kuhesabiwa ndege ikisimama, ukimaliza karatasi, au ukifika unapolala?

Kanuni hiyo ya Marekani ilizaliwa na msiba. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air iliyokuwa ikienda Buffalo ilianguka, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa ardhini ndani ya nyumba. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle hadi kituo chake cha kazi, Newark. Kapteni naye alilala kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Wachunguzi walitaja makosa ya jinsi ndege ilivyoendeshwa, na juu ya uchovu wakasema huenda ulipunguza uwezo wa marubani wale, ingawa hawakuweza kupima ulichangia kiasi gani. Kila ninapomwona kijana wetu amelala kitini Moi akisubiri nafasi ya kwenda Nairobi kuripoti, nawakumbuka wale wawili.

Kwa hiyo soma hasa zamu zinazogusa saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Huo ndio muda ambao mwili unadai usingizi kuliko wakati wowote, na kanuni za Ulaya na Marekani zote zinautambua. Rasimu inaruhusu zamu ngapi mfululizo za namna hiyo? Baada yake unapewa nini? Na rubani akisema "nimechoka, sifai kuruka leo", analindwa au anahesabiwa utoro?

Na stendibai, yaani siku ya kukaa tayari ukingoja kuitwa?

Tafuta dakika ngapi unapewa tangu simu ilie hadi uripoti. Dakika 60 kwa mtu wa Port Reitz ni utani mtupu, anatembea kwa miguu. Kwa mtu wa Mtwapa jioni ya Ijumaa, dakika 60 maana yake stendibai aikae uwanjani.

Asilimia za mshahara nizisome vipi?

Kwa kalamu na karatasi. Usijumlishe tu. Marubani wa Delta, shirika la ndege la Marekani, walipitisha mkataba tarehe 1 Machi 2023 kwa asilimia 78 ya kura. Nyongeza ilikuwa asilimia 18 mwanzo, kisha 5, kisha 4, kisha 4. Ukijumlisha unapata 31, lakini nyongeza iliyotangazwa ilikuwa 34, na zote mbili ni sahihi, kwa sababu kila nyongeza inakaa juu ya ile iliyotangulia.

Linalowapita wengi ni mpangilio. Tuseme mshahara wako ni Sh600,000 na mkataba ni wa miaka miwili. Rasimu moja inakupa asilimia 12 mwaka wa kwanza na 4 wa pili. Nyingine inakupa 4 kwanza, kisha 12. Mwisho wa safari zote zinakufikisha Sh698,880 kwa mwezi. Lakini mwaka wa kwanza, ile ya kwanza inakulipa Sh672,000 na ya pili Sh624,000. Tofauti ni Sh48,000 kila mwezi, ambayo kwa mwaka ni Sh576,000. Hiyo pesa hairudi. Mwajiri anayetaka nyongeza kubwa ije mwishoni anajua anachokifanya, na hesabu yake ni halali. Yetu nasi tuifanye.

Angalia pia asilimia hiyo inakaa juu ya nini. Mshahara wa msingi? Au mshahara pamoja na malipo ya saa za kuruka? Kwa rubani hizo ni namba mbili zilizo mbali sana.

Wakiniongeza laki moja, nitaiona?

Hutaiona yote. Kwa anayepokea zaidi ya Sh800,000 kwa mwezi, kila shilingi ya juu ya hapo inatozwa kodi ya asilimia 35. Kabla ya hapo SHIF, mfuko wa bima ya afya, inachukua asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo mawili huondolewa kabla ya kodi kupigwa, kwa hiyo kwenye laki moja yanatoka Sh4,250, kodi inapigwa kwenye Sh95,750, na mfukoni inabaki Sh62,000 na ushei.

Ndiyo sababu nawaambia wenzangu: wakati mwingine mchango mkubwa zaidi wa mwajiri kwenye mfuko wa uzeeni, au chumba cha hoteli ambacho hukilipii wewe, una thamani kuliko nyongeza inayoonekana kubwa kwenye tangazo.

Kuna malipo ya mkupuo tukisaini. Si ni kitu kizuri?

Ni kizuri kama ni malimbikizo ya miaka mliyongoja. Kama kimewekwa badala ya nyongeza, kitaliwa mara moja, na hakiingii kwenye hesabu ya nyongeza zijazo wala, mara nyingi, ya mafao. Nimeona watu wakipiga kura kwa sababu ya karo ya Januari. Siwalaumu, karo ni karo. Ila mkupuo unakwisha kabla ya mkataba.

Msimu wa masika ndege hupungua. Mshahara wangu je?

Swali la Pwani hasa. Kuanzia Aprili wageni hupungua, na kama sehemu kubwa ya malipo yako inatokana na saa za kuruka, mfuko unapungua nao. Tafuta kifungu cha saa za uhakika, yaani kiwango cha saa utakazolipwa hata kama hukuziruka. Mwenzetu wa safari ndefu za ng'ambo hakiangalii sana, kwa kuwa saa zake zinajaa mwaka mzima. Sisi wa safari fupi ndicho kinachotulisha mwezi wa Mei. Kama hakimo, au kama kampuni inaruhusiwa kukisimamisha "kwa sababu za kibiashara" bila kushauriana na chama, kwangu hilo ni kosa zito kwenye rasimu.

Mfuko wa uzeeni una umuhimu gani kwa kijana wa miaka 28?

Kimataifa rubani wa ndege za abiria zenye marubani wawili hufikia mwisho akitimiza miaka 65, na baadhi yetu husimamishwa mapema zaidi na daktari. Mwaka 2022 marubani wa Kenya Airways, kupitia chama chao cha KALPA, waliingia mgomoni tarehe 5 Novemba, na moja ya madai makuu lilikuwa mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa akiba uliosimamishwa wakati wa korona. Mahakama iliwaamuru warudi kazini kufikia asubuhi ya tarehe 9. Kijana, soma kama rasimu inamruhusu mwajiri kusitisha mchango, kwa muda gani, na kama atalipa ule wa nyuma.

Bima ya kupoteza leseni?

Iwepo. Moyo au macho yakikataa kwenye uchunguzi wa afya, rubani anabaki na ujuzi usiouzika kwingine. Uliza inalipa kiasi gani, na inaishia umri gani.

Tukikataa, watatupa bora zaidi?

Hapa kila mtu ana methali yake. Mmoja anasema mkataa pema, pabaya panamwita. Mwingine anasema haraka haraka haina baraka. Mimi nataka tutazame yaliyowapata wengine.

Novemba 2022 marubani wa United, shirika jingine la Marekani, walikataa rasimu yao kwa asilimia 94. Septemba 2023 wakapitisha nyingine, iliyo bora mno, kwa asilimia 82. Katikati ya hapo Delta walikuwa wameshasaini, na kiwango cha soko kimepanda. Kampuni zote zilikuwa zinagombea marubani baada ya korona.

Julai 2023 marubani wa FedEx, kampuni ya Marekani ya kubeba mizigo, nao walikataa, kwa asilimia 57. Miaka miwili ikapita wakiwa bado mezani. Mizigo ilikuwa imepungua, na mwaka 2024 kampuni ikapoteza kandarasi kubwa ya kubeba barua za posta ya Marekani. Sheria ya kule, ya mwaka 1926, haiui mkataba tarehe yake ikifika. Unaendelea hadi ubadilishwe. Kwa hiyo waliendelea kufanya kazi kwa mishahara ya zamani huku wenzao wakipanda.

Nchi ile na hii hazilingani, lakini maswali yanayotoka hapo ni yetu pia. Je, kampuni inahangaika kupata marubani, au ina wa ziada? Makapteni wangapi wameondoka mwaka huu kwenda Ghuba? Ndege mpya zinakuja au zilizopo zinarudishwa kwa wenyewe? Aliyekataa kwa hasira bila kuyajibu haya ameiachia bahati kazi yake. Aliyekubali kwa hofu bila kuyajibu, vilevile.

Na ukikataa, taja kifungu. Kura ya "hapana" isiyo na sababu huwarudisha wajumbe mezani mikono mitupu; hawajui waombe nini.

Kukataa maana yake ni mgomo?

Hapana. Kukataa kunawarudisha watu mezani. Mgomo ni njia ndefu: mzozo uripotiwe kwa Waziri, upatanishi ufanyike na ushindwe, kisha itolewe ilani ya maandishi ya siku 7. Hata baada ya hapo mwajiri anaweza kukimbilia mahakamani. Marubani hatumo kwenye orodha ya huduma muhimu ambazo sheria inazuia kugoma. Waongozaji wa ndege wamo, na wafanyakazi wa feri wamo. Lakini haki ya kugoma ukiitumia ovyo inakuponyoka.

Mji huu unajua mambo haya kuliko mji wowote Kenya. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa walisimamisha kazi mji mzima, na Chege Kibachia akawa sauti yao. Mwaka 1955 makuli wa bandari waligoma tena, Tom Mboya akaja kusuluhisha, wakaondoka na nyongeza ya asilimia 33. Babu zetu wengine walikuwemo pale Kilindini. Waligoma, ndiyo, lakini nyongeza ilipatikana mezani.

Tukishikilia sana, watatupunguza kazi?

Inaweza kutokea, na ni hofu ya kweli. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe taarifa kwa chama na kwa afisa wa kazi angalau mwezi mmoja kabla, aeleze sababu, afuate vigezo kama ukongwe na ujuzi, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Hizo siku 15 ni kidogo sana kwa rubani. Mkataba mzuri unazipandisha, na pia unasema wazi nani anatangulia kuitwa kazi zikirudi.

Makapteni wanataka hiki, marubani wasaidizi kile. Nifuate nani?

Fuata karatasi yako, kisha mfikirie mwenzako. Wakongwe huvutwa na mafao, vijana na deni la mafunzo. Rasimu ikigawa watu kwa makusudi, ikawapa wenye kura nyingi na kuwanyima wachache, miaka miwili ijayo wale wachache hawatasimama nanyi. Kijana anayefungwa miaka kadhaa kulipa gharama ya mafunzo ya aina mpya ya ndege aulize kama deni linapungua kila mwezi, au linabaki zima hadi siku ya mwisho.

Mke wangu anauliza kama mwaka huu nitakula Idd nyumbani.

Mwambie aje mkutanoni, kama chama kinaruhusu familia. Nasema kwa dhati. Tafuta jinsi maombi ya likizo yanavyopangwa: kwa ukongwe pekee, kijana hatapata Idd wala Krismasi kwa miaka kumi; kwa zamu, kila mmoja anaonja. Angalia pia rosta inatoka siku ngapi kabla ya mwezi kuanza, na kampuni ikiibadilisha inakulipa nini. Waislamu wenzangu waulize mapema kuhusu zamu ndefu za mchana mwezi wa Ramadhani, jambo lisiachwe liwe la kuombana fadhila na mpanga rosta.

Kura ikishapita, kinafuata nini?

Mkataba ukishatiwa saini, mwajiri aupeleke Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya siku 14 usajiliwe. Asipoupeleka, chama kinaweza kuupeleka chenyewe. Kabla ya kusajiliwa huwezi kuudai mahakamani, ingawa ukishasajiliwa unahesabiwa kuanzia tarehe mliyokubaliana, hata kama imepita. Kwa hiyo usiende benki kuchukua mkopo kwa mshahara ambao bado haujasajiliwa. Weka hati zako za mshahara za miezi yote ya kungojea, na rosta zake. Malimbikizo yakianza kuhesabiwa, ni hizo utakazoziweka mezani.